Mwezi Ukipatwa, Harusi Ina Kosa Gani? Historia ya Kupatwa kwa Jua na Mwezi, na Tarehe Zinazokuja Hapa Unguja

 

Leo hatuzungumzii lesi wala hina. Tunazungumzia mbingu, kwa sababu mbingu imeingia dukani kwetu na kuanza kupanga tarehe za harusi za watu.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi Waswahili hatusemi mwezi umefunikwa, wala jua limezibwa. Tunasema umepatwa, limepatwa. Na mtu tunasema kapatwa na homa, kapatwa na msiba, kapatwa na mambo. Khofu imo ndani ya neno, na anayelijua neno kabla ya kujua kinachotokea huanza kuogopa kabla hajainua macho. Bibi zetu walituhadithia joka linaloumeza mwezi, na masufuria yanayopigwa ili liutapike. Mjamzito aliambiwa alale chali, asishike mkasi wala sindano, la sivyo mtoto atazaliwa na mdomo uliopasuka. Fikirini hilo kwa fundi mjamzito mwenye nguo sita za sikukuu kwenye foleni.

Hatuwacheki bibi zetu. Walikuwa wanajaribu kumlinda mtoto kwa walichokuwa nacho. Lakini mdomo wa mtoto huungana tumboni katika wiki za mwanzo kabisa za mimba, wakati ambao wengi wetu hatujajua hata kama tumebeba. Mkasi wa mwezi wa sita hauna la kufanya hapo. Na kwenye dini yetu jambo hili limeshasemwa wazi, mbele ya watu, siku moja ya huzuni kubwa Madina. Siku hiyo ndiyo tunayotaka kuihadithia leo, maana wengi tumeisikia nusu yake tu.

Bibi Mariya, aliyetoka Misri, alimzalia Mtume (S.A.W.) mtoto wa kiume mwaka wa 8 wa Hijra, akaitwa Ibrahim. Kwa desturi ya wakati ule mtoto alipelekwa kwa mama wa kunyonyesha. Mumewe mama huyo alikuwa fundi chuma, Abu Sayf, na nyumba yao ilijaa moshi wa kuvukutia. Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kwamba Mtume akienda huko kumtizama mwanawe, akiingia ndani ya moshi ule ule, anambeba, anambusu, kisha anarudi zake. Sisi tunaipenda sana picha hii: baba mwenye shughuli za umma mzima, anainama mlangoni kwa fundi ili anuse shingo ya mtoto.

Ibrahim hakufikisha miaka miwili. Alipokuwa akikata roho Mtume alilia machozi, na Abdurrahman bin Awf alipostaajabu, akajibiwa kwamba machozi ni huruma, na kwamba jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, ila ulimi hausemi isipokuwa la kumridhisha Mola. Siku hiyo hiyo jua likapatwa.

Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya watu wa Madina. Mtoto wa Mtume kafa, na mchana unapungua nuru. Nani asingeunganisha? Watu wakaanza kusema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Hawakusema kwa ubaya, walisema kwa mapenzi. Ingekuwa rahisi kabisa kuliacha neno hilo lipite. Mfalme yeyote wa dunia angelipenda, angeliandikia mashairi. Yeye akiwa na msiba wake mbichi akatoka, akawasalisha watu, kisha akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Allah, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu, na kwamba wakiona hivyo wasali, waombe, mpaka kiondoke.

Tafadhali rejeeni hapo. Halipatwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake. Kama jua halikupatwa kwa ajili ya mtoto wa Mtume, litapatwaje kwa ajili ya nikahi ya mtu Kikwajuni?

Kuna jambo jengine katika siku zile za kupatwa ambalo sisi wanawake tunapaswa kulijua, kwa sababu wenyewe tumo. Bibi Asma binti Abubakar (R.A.) amesimulia kwamba alimwendea dada yake Bibi Aisha (R.A.) akakuta watu wamesimama wanasali, na Bibi Aisha naye anasali. Akauliza watu wana nini. Bibi Aisha, akiwa ndani ya sala, akaashiria kwa mkono kuelekea juu na kusema Subhanallah. Asma akauliza kama ni ishara, naye akaashiria kwa kichwa kuwa ndiyo. Asma akasimama pamoja nao. Kisimamo kilikuwa kirefu mno mpaka akashikwa na kizunguzungu, na ubavuni kwake palikuwa na kiriba cha maji, akawa anajimiminia kichwani ili asianguke. Huyu ni mwanamke aliyetoka nje kuona kuna nini, akaingia kwenye safu, na akabaki mpaka mwisho huku maji yanamchuruzika. Hakufungiwa chumbani na mapazia kushushwa.

Na sala yenyewe tunaijua kwa kiasi kikubwa kupitia kwa Bibi Aisha: rakaa mbili, kila rakaa ina visimamo viwili na rukuu mbili, kisomo kirefu, haina adhana wala ikama. Ibn Abbas (R.A.) amekisia kisimamo cha kwanza kuwa karibu na urefu wa Suratul Baqara. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, ni sunna iliyotiliwa mkazo, kwa wanaume na wanawake, msikitini au nyumbani. Mwezi ukipatwa husomwa kwa sauti, jua likipatwa husomwa kwa siri. Dada aliye katika siku zake hakukosa kitu: ana dhikri, ana dua, ana istighfari, ana sadaka.

Bibi Asma huyo huyo amesimulia pia kwamba jua likipatwa Mtume aliamrisha kuacha huru watumwa. Hapa tunasita kidogo, kwa sababu tunaandika kutoka mji ambao soko lake la watumwa, pale Mkunazini, lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Mijua mingapi ilipatwa juu ya mji huu katika miaka yote ile, na watu wakatoka kusali, kisha wakarudi nyumbani na amri ile ikabaki kitabuni? Joka na masufuria tuliyarithi vizuri. Hilo la kuacha huru hatukulirithi kwa bidii ile ile.

Turudi kwenye siku ya Ibrahim, maana ina ushahidi wa ajabu. Wataalamu wa hesabu za nyota wamerudi nyuma wakapata kwamba jua lilipatwa Madina asubuhi ya tarehe 27 Januari mwaka 632, mwaka wa 10 wa Hijra, mwisho wa mwezi wa Shawwal, yaani Mfungo Mosi. Zipo riwaya za zamani zilizoandika kwamba mtoto alifariki tarehe 10 ya mwezi. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, hakuikubali tarehe hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba Allah amejaalia ada: jua halipatwi ila mwisho wa mwezi, wakati mwezi umejificha, na mwezi haupatwi ila katikati, siku zile za mwezi kumi na nne na kumi na tano. Kwa hiyo tarehe 10 haiwezekani.

Hebu tulieleze hili kwa kazi ya mikono, kwa dada zetu waliokimbia somo la jiografia skuli. Jua lipo upande mmoja, sisi tupo katikati au pembeni, mwezi unatuzunguka. Mwezi ukipita baina yetu na jua, unalikinga, na hapo ndipo jua linapopatwa. Sisi tukiwa baina ya jua na mwezi, kivuli cha dunia kinauangukia mwezi, nao unapatwa. Basi kwa nini haitokei kila mwezi? Chukueni vipete viwili vya kutarizia, kimoja ndani ya chengine, kisha kiinamisheni cha ndani kidogo tu. Vinakutana sehemu mbili pekee, pengine pote kimoja kiko juu na chengine chini. Njia ya mwezi imeinama kama digrii 5. Miezi mingi unapita juu ya kivuli au chini yake. Ukipita pale vipete vinapokutana, ndio unapatwa. Hakuna joka.

Na sisi tunaohesabu Mfungo Mosi, Mfungo Pili, tunayo kalenda inayotuambia nusu ya habari bila simu wala televisheni. Mwezi wa Kizungu hauna uhusiano na mwezi wa mbinguni. Wetu unao. Mtu akikuambieni jua litapatwa tarehe 12 Mfungo Sita, mjue hajui anachosema.

Waislamu wa zamani hawakukaa na khofu, walikaa na kalamu. Mwaka 997 kijana Al-Biruni alikuwa Kath, huko Khwarizm, na mwanachuoni mkubwa Abul Wafa alikuwa Baghdad. Waliagana kuutizama mwezi ukipatwa usiku mmoja, kila mtu aandike saa ya mji wake. Kwa kuwa kivuli kinauingia mwezi kwa wakati mmoja kwa wote wanaoutizama, tofauti ya saa zao ikawaonesha miji hiyo iko mbali kiasi gani mashariki kwa magharibi. Bila ya simu, bila ya ndege, wakaupima umbali kwa kivuli. Cairo naye Ibn Yunus akaandika kupatwa kwingi kwa uangalifu mkubwa, na karne nyingi baadaye wanajimu wa Ulaya wakazitumia kumbukumbu zake katika hesabu zao za mwendo wa mwezi. Na Halab, katika karne ya 10, alikuwepo mwanamke, binti wa Al-Ijli, aliyetengeneza astrolabu, kile chombo cha shaba cha kupimia nyota. Ibn al-Nadim amemtaja katika orodha ya mafundi, pamoja na babake. Fundi mwenzetu huyo.

Lugha yetu imechanganya mambo mawili ndani ya neno falaki. Falaki ya Al-Biruni ni hesabu: saa ngapi, wapi, kiasi gani. Falaki nyengine ni ile ya kufungua kitabu na kuuliza nyota ya biharusi inakubaliana na ya bwana, na siku gani ina nuksi. Ya kwanza ni elimu, ya pili tumekatazwa. Mtu akitaja falaki kwenye kikao cha posa, ulizeni kwanza ipi.

Hapa kwetu kupatwa si kitu cha vitabuni tu. Februari 1980 jua lilipatwa lote katika njia iliyopita Kongo, Tanzania bara na kusini mwa Kenya, likaendelea mpaka India. Tarehe 1 Septemba 2016, Alkhamisi, karibu na saa sita mchana, wageni walijaa Rujewa, mkoa wa Mbeya, kutizama jua likibaki pete ya moto. Hapa Unguja pete hatukuipata, lakini sehemu kubwa ya jua ililiwa na mwangaza wa mchana ukawa wa ajabu, kama unaotizamwa kupitia buibui. Tarehe 27 Julai 2018, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, mwezi ulibaki mwekundu kwa saa moja na dakika 43, mrefu kuliko wote wa karne hii, na Mirihi ilikuwa pembeni yake nyekundu vile vile. Na mwaka jana, Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025, mwezi uliingia kivulini wote baada ya saa mbili na nusu usiku, katika siku za Maulidi. Mitaa mingine ilisali. Mitaa mingine ilipiga picha. Wengi walifanya yote mawili, na hatuoni tatizo, mradi sala haikuachwa kwa ajili ya picha.

Wekundu ule, kwa waliouliza, si damu. Mwanga wa jua unapita kwenye hewa inayoizunguka dunia, unapinda, na rangi nyekundu ndiyo inayofika zaidi. Ni kama magharibi zote za dunia zimepakwa juu ya mwezi kwa wakati mmoja.

Tunakuja sasa kwenye sababu ya kuandika haya. Tuna biharusi ambaye nikahi yake imepangwa Ijumaa, 28 Agosti 2026, ndani ya Mfungo Sita. Alfajiri ya siku hiyo hiyo mwezi utapatwa. Mtu mmoja wa upande wa bwana harusi ameliona hilo kwenye simu, na kikao kimeitishwa cha kusogeza tarehe. Bwana harusi anafanya kazi Muscat, ana likizo ya wiki tatu. Ukumbi umelipiwa. Sare za khanga zimeshakatwa, doti mia moja na kitu, na jina la harusi limeshatarizwa kwenye mitandio. Somo ameshaanza kumsinga. Tarehe ikisogezwa, bwana anarudi Oman, na likizo nyengine ni mwakani. Biharusi amekuja kupimwa gauni akawa hasemi. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kama ni kweli kwamba ndoa ya siku ya kupatwa haidumu.

Sisi si masheikh, na tulimwambia amuulize sheikh. Lakini habari ya Ibrahim tulimhadithia pale pale, sindano za kupimia mdomoni. Aliondoka na jina la Bibi Asma ameliandika nyuma ya risiti.

Na tuongeze hili kwa wazazi: harusi zinaharibika, ni kweli, tumeziona. Zinaharibika kwa mahari ya kukopa, kwa mama mkwe asiyeshauriwa, kwa mume asiyejulikana khulka yake kwa sababu watu walishughulika kuuliza nyota yake. Hatujaona hata moja iliyoharibiwa na kivuli cha dunia kuanguka umbali wa kilomita laki tatu na ushei kutoka hapa.

Haya, tarehe zenyewe, kwa saa za hapa Unguja. Ijumaa hiyo ya 28 Agosti 2026 kivuli kitaanza kuugusa mwezi kiasi cha saa kumi na moja na nusu alfajiri, baada ya adhana ya Alfajiri. Mwezi utakuwa chini upande wa magharibi, na mji wetu bahati yake ni hiyo, uso wake wote umeelekea magharibi. Kutoka Forodhani mtauona ukishuka baharini huku kiasi cha nusu yake imeliwa, kisha jua litachomoza nyuma yetu. Kupatwa kwenyewe kutaendelea, ila sisi hatutaona. Wakati ni mfupi, kwa hiyo mwenye nia ya sala ajiandae mapema na aulize imamu wa msikiti wake.

Mwaka ujao ni zamu ya jua. Jumatatu, 2 Agosti 2027, mwisho wa Mfungo Tano, siku mbili tatu kabla ya Mfungo Sita kuandama. Hapa kwetu litaliwa chini ya nusu, kati ya Adhuhuri na Alasiri, na asiyeambiwa huenda asijue. Lakini tuwafikirie ndugu zetu walioko Hijaz. Njia ya giza kamili siku hiyo inatoka Spain na Morocco, inapita Luxor ya Misri, ambako jua litazimika kwa zaidi ya dakika 6, inavuka Bahari ya Sham, inafika Jeddah na Makka, kisha Yemen na ncha ya Somalia. Makka! Muda mfupi baada ya Adhuhuri, Al-Kaaba itakuwa gizani kwa dakika 5 hivi, nyota zinaonekana mchana. Atakayekuwa kwenye Umra siku hiyo atakuwa na cha kuwahadithia wajukuu. Na wapo wanaoogopa kuoa mwezi wa Safar, yaani Mfungo Tano huo huo. Sasa wameongezewa na jua juu yake. Mtume alishakanusha nuksi ya Safar pia, kwa hiyo hapo khofu zote mbili zina jibu moja.

Tarehe 6 Julai 2028, Alkhamisi, mwezi utaliwa zaidi ya theluthi, kilele chake saa tatu na dakika ishirini usiku. Utakuwa mzuri kwa watoto kwa sababu hawatakuwa wamelala.

Na ile tunayoitizamia sisi wenye shughuli za harusi ni Jumapili, 31 Disemba 2028. Kwa hesabu itaangukia usiku wa nusu ya Shaabani, au jirani yake kufuatana na mwandamo, na nyote mnajua Shaabani ilivyo hapa: kila mtu anataka kuoa kabla ya Ramadhani, kumbi zinagombaniwa, sisi mafundi hatulali. Juu ya hayo ni mkesha wa mwaka mpya, watu wa hoteli wanapiga fataki. Mwezi utachomoza Magharibi tayari umeumwa upande mmoja. Saa moja na robo utaingia kivulini wote, utabaki mwekundu mpaka karibu na saa mbili na nusu, na saa tatu na dakika thelathini na kitu utakuwa mweupe tena. Mwaka 2029 zipo mbili nyengine za mwezi zinazoonekana kwetu, Juni na Disemba.

Kuhusu macho. Mwezi ukipatwa tizameni mtakavyo, hauna madhara hata kidogo. Jua ndilo lenye hatari, na hatari yake haiumi, jicho linaungua bila ya kuhisi. Miwani ya jua ya kawaida haifai hata iwe nyeusi vipi. Picha ya eksirei haifai, kioo cha moshi hakifai, ndoo ya maji haifai. Ipo miwani maalumu ya kutizamia jua yenye alama ya ISO 12312-2. Mkiipata kwa muuzaji wa kuaminika, sawa. Simu msiielekeze kwenye jua mkaitizama kwa karibu mkidhani ni salama.

Njia yetu sisi haihitaji kununua kitu. Chukueni sindano, ile ile tuliyokatazwa kuishika, mtoboe kitundu kimoja kwenye kadi ngumu. Lipeni jua mgongo, kadi muishike juu ya bega, karatasi nyeupe mbele. Kitundu kitaliangusha jua dogo kwenye karatasi, na mtaona limemegeka. Chini ya mwembe ni hivyo hivyo, kila mwanya wa majani unamwaga kijua chake mchangani. Lakini kizuri kuliko vyote ni kofia ya viua. Kofia hizi mama zetu wamezishona kitundu kwa kitundu, mamia ya matundu, na wengi wamesomesha watoto kwa bei yake. Ishikeni juani siku ile ya tarehe 2 Agosti 2027, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kila kitundu kitatoa kijua chake kilichomegeka ukutani, mamia kwa pamoja, na watoto waiteni waone kabla hamjaingia kusali.